Ubao Ujulikane Ulikotoka: Hotuba kwa Mafundi Seremala wa Moshi na Arusha

Ndugu mafundi, wenye karakana, vijana mnaosomea useremala, na ninyi mnaouza mbao mliokubali kufunga vibanda asubuhi hii ili mje kusikiliza, hamjambo na karibuni.

Mlango wa mninga ukipinda miezi mitatu baada ya kufungwa, mteja hamtafuti aliyeangusha mti kule Tabora wala aliyeupakia kwenye lori. Anakuja kwako wewe uliyeupiga randa na kuufunga bawaba. Lawama zote za safari ile ndefu zinaishia mlangoni pa karakana yako. Ndiyo maana leo hatuzungumzii randa wala patasi. Tunazungumzia ubao kabla haujafika kwako: umekatwa wapi, kwa karatasi gani, una ujazo gani, una maji kiasi gani. Ubao usiojulikana ulikotoka hauwezi kukueleza utakavyokaa, na ubao ulioibwa msituni karibu kila mara umepasuliwa kwa haraka na kusafirishwa mbichi. Uhalali na ubora vimekaa jirani sana katika biashara hii.

Tuanze na kilicho karibu. Kaskazini hii tumezungukwa na miti ya kupandwa. Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, una shamba la miti la Kilimanjaro Kaskazini upande wa Rongai, la Kilimanjaro Magharibi upande wa Siha, na la Meru/Usa kule Arusha. Humo miti mikuu ni paini na saiprasi. Ukihitaji paini nyingi kwa mkupuo, Sao Hill iliyoko Mufindi ndiyo shamba kubwa kuliko yote ya serikali. Mtiki unapatikana Longuza, wilayani Muheza, na Mtibwa mkoani Morogoro. Halafu kuna hazina ambayo wengi wetu tunaipita kila siku tukielekea mjini kununua mbao za mbali: vihamba, yaani mashamba ya kahawa yanayozunguka nyumba zetu. Mgrivelea na mringaringa vilivyopandwa au kuachwa vikue ili kuweka kivuli kwenye kahawa ni miti ya fanicha kweli kweli. Mringaringa ni mwepesi wa wastani, hupigwa randa bila ugomvi na una rangi ya kupendeza. Mgrivelea tutaurudia, kwa sababu una maneno mengi.

Juu ya vihamba kuna msitu wa mlima, na hapo hakuna la kujadili. Uvunaji wa miti ya asili katika Mlima Kilimanjaro ulipigwa marufuku mwaka 1984. Hifadhi ya Taifa ilianzishwa mwaka 1973, na mwaka 2005 mipaka yake ilishushwa ikachukua ukanda wa msitu. Katikati ya miaka hiyo, uchunguzi wa kutoka angani uliofanyika mwaka 2001 ulikuta wizi mkubwa wa mkamfa, mti wa asili ambao mbao zake huitwa kamfa. Kwa hiyo kamfa mbichi ya Kilimanjaro haina njia halali ya kufika mjini. Akikuletea mtu usiku, tena kwa bei ya huruma, unachonunua ni maji ya mifereji ya watoto wako, yanayotunzwa na msitu ule. Kamfa iliyobomolewa kwenye nyumba ya zamani ni jambo jingine. Hiyo imekauka miaka mingi, na unaweza kuitumia ilimradi uwe na maandishi ya aliyekuuzia na nyumba ilipokuwa.

Sasa karatasi. Ukinunua mzigo, usiridhike na risiti ya dukani peke yake. Omba uone hati ya kusafirishia mazao ya misitu, ile tunayoiita TP, kisha uisome mstari kwa mstari. Angalia kwanza aina ya mti: hati ikisema paini na kwenye lori kuna mkongo, hiyo hati ni ya mzigo mwingine. Angalia idadi ya vipande na ujazo, maana mchezo wa kawaida ni hati moja kuzungushwa kwa safari mbili. Angalia tarehe ya kuisha, namba ya gari, mahali mzigo ulipotoka na unapokwenda. Mzigo wa msitu wa asili uwe na alama ya nyundo ya TFS, na alama hiyo uione kwa macho kwenye mbao zenyewe, usiisikie kwa mdomo wa dereva. Nyuma ya hati kuna leseni ya uvunaji na malipo ya serikali yenye namba ya kumbukumbu. Piga picha ya vyote, uandike nyuma ya risiti yako namba ya hati, na uihifadhi pamoja na oda ya mteja. Hata mti uliopandwa kihambani una utaratibu wake: anza kwa uongozi wa kijiji, kisha afisa misitu wa wilaya, ndipo msumeno uwashwe. Kuwasha msumeno kwanza na kufuata kibali baadaye kumewaingiza wengi hasara ya gogo zima.

Kwa wanaouza nje au wanaopeleka bidhaa Kenya kupitia Namanga na Holili, kuna jambo la miaka ya karibuni ambalo bado halijawafikia mafundi wote. Jamii yote ya mpingo imo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu Januari 2017. Mkurungu, mti ambao huuzwa kama mninga, uliingia mwaka 2019. Kuanzia Februari 2023 mininga yote ya Afrika na mikongo ya Afrika nayo imo. Maana yake magogo na mbao za miti hiyo hazivuki mpaka bila kibali cha CITES, hata kama ulizilipia kila kitu ndani ya nchi. Wachonga vinyago wa Arusha wana nafuu yao: kwa mpingo, bidhaa iliyokamilika ambayo mti wake hauzidi kilo 10 kwa mzigo mmoja haidaiwi kibali hicho. Mwelezeni mtalii hivyo kabla hajaanza kuhangaika uwanja wa ndege. Na anayetaka mpingo wenye historia safi aulizie misitu ya vijiji vya Kilwa. Mwaka 2009 vijiji vya huko, vikisaidiwa na shirika la MCDI, vilipata cheti cha FSC, kile cha kimataifa cha msitu unaosimamiwa vizuri, na vilikuwa vya kwanza Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wanavijiji. Pesa ya mti inabaki kijijini, na kijiji kinalinda msitu wake chenyewe.

Twende kwenye futi. Hapa ndipo fundi anapoibiwa mchana kweupe. Ubao wa 2 kwa 6 wa futi 12 ni futi moja kamili ya ujazo. Zidisha inchi 2 kwa 6 kwa 144, yaani futi 12 zikigeuzwa inchi, unapata 1,728, na hiyo ndiyo futi moja ya ujazo. Vipande 35 na kidogo vinafanya mita moja ya ujazo. Ubao wa 2 kwa 4, au wa 1 kwa 8, wa futi hizo hizo 12, ni theluthi mbili ya futi ya ujazo, na vipande 53 ndivyo vinavyofanya mita ya ujazo. Kaa na hesabu hizi kichwani.

Sasa toa futi yako mfukoni, upime ubao unaoitwa 2 kwa 6. Mara nyingi utakuta inchi 1¾ kwa 5½. Macho hayaoni kitu, lakini ujazo umeshuka hadi asilimia 80. Tuseme muuzaji wa kwanza anauza ubao uliotimia kwa shilingi 15,000, na wa pili anauza huu uliopungua kwa shilingi 13,000. Ukigawanya 13,000 kwa 0.8 unapata zaidi ya 16,000. Wa bei rahisi ndiye ghali. Tena unene ukipungua robo inchi huna tena nafasi ya kupiga randa pande zote mbili. Pima unene mahali patatu: mwanzo, katikati na mwisho. Mbao nyingi zinazopasuliwa na mashine za dingdong huwa nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili, na ukishazinyoosha kwa randa unabaki na kipimo cha pale pembamba.

Ubora wa paini unaanza na umri. Wakulima wengi wanakata paini ya miaka 8 hadi 12 kwa sababu ada ya shule haisubiri, na hatuwalaumu. Lakini gogo hilo limejaa mti mchanga wa katikati, ule unaozunguka moyo wa gogo. Mti mchanga husinyaa hata kwa urefu, tofauti na mti uliokomaa, na ndiyo sababu ubao wake hujikunja kama pangaboi. Tazama kichwa cha ubao. Ukiona moyo wa gogo umo ndani, na pete za ukuaji zimeachana kwa upana wa kidole, ubao huo ni wa kuezekea au wa kumwagia zege. Usiufanyie mlango. Rangi ya kibuluu kwenye paini ni kuvu. Haipunguzi sana nguvu, ila inakuambia kwamba gogo lilikaa siku nyingi kabla ya kupasuliwa, au mbao zilirundikwa mbichi bila hewa. Ukikuta kuvu hiyo pamoja na ulaini unaoingia kucha, hapo tayari ni kuoza, usinunue.

Mninga unastahili sifa zake. Ukishakauka hautembei sana, na ndiyo maana unapendwa. Tatizo ni vinavyouzwa kwa jina lake. Mkurungu huitwa mninga maji na huuzwa kama mninga, wakati ni mti mwingine wenye tabia nyingine. Mbao nyeupe hupakwa rangi. Kwangua ubao kwa patasi milimita mbili, mahali pasipoonekana, uone kama rangi inaendelea ndani. Kisha tazama weupe wa pembeni, ile sehemu ya nje ya mti iliyo chini ya gamba. Kwenye mninga, weupe ndio chakula cha wadudu wanaobungua mbao, kwa sababu una wanga. Muuzaji akikupimia ubao wa inchi 8 na inchi 2 zake ni weupe, umenunua inchi 6. Mkongo una tabia yake pia: ukilowa hutoa rangi ya njano inayochafua kitambaa, basi usiufanyie kabati la kufulia nguo. Mvule huweza kuwa na mawe ya chokaa ndani yake, na meno ya msumeno hupotea kwa sekunde moja.

Mbao za dawa tuziseme kwa uzito, kwa sababu zinahusu afya. Dawa ya kijani inayotumika sana, CCA, ina shaba, kromu na aseniki. Ikiingizwa kwa mashine ya shinikizo hukaa ndani ya ubao na kuulinda dhidi ya mchwa kwa miaka mingi. Ila kuna mbao zilizochovywa tu kwenye pipa, zikatoka na rangi ile ile. Namna ya kujua: kata ubao mmoja katikati ya urefu, si mwishoni, kwa maana kichwa hunywa dawa hata kwa kuchovywa. Ukiona ukijani umeishia kwenye ngozi kama ganda la yai, hiyo ni rangi. Na hata ile iliyoingia sawasawa, usiitumie kwa kitanda cha mtoto, kibao cha kukatia mboga au rafu ya chakula. Vaa barakoa ukiikata. Maranda yake yasiende kwenye banda la kuku, wala mabanzi yake yasiende jikoni kwa mama lishe. Moshi wake na majivu yake yana aseniki.

Sasa turudi kwa mgrivelea. Huu ni mti wa Australia, ukaja na mashamba ya kahawa, ukazoea. Una mistari mipana inayotoka katikati ya gogo kwenda nje, na ukipasua gogo kufuata mistari hiyo, yaani kwa kuligawa robo kwanza, ubao unatoka na mawimbi yanayong'aa kama hariri. Ukipasua kwa mtindo wa kawaida wa kukata slesi moja baada ya nyingine, uzuri huo mwingi unapotea na ubao unasinyaa zaidi kwa upana. Chagua shina lililonyooka, bila tawi hadi mita tatu. Mti ulioinama uache, maana upande mmoja wake umevutwa na ubao utapinda ukiwa bado kwenye msumeno.

Hatari ya mti wa kihambani ni chuma. Kwa miaka thelathini watu wamepigilia misumari ya kamba ya nguo, waya wa uzio, bati la namba. Mti umemeza vyote. Kabla ya kupasua, tazama vichwa vya gogo kwa makini. Ukiona doa la buluu-jeusi lililochirizika kufuata nyuzi, hapo kuna chuma kinacholiwa polepole na maji ya mti. Sumaku haitakusaidia kikiwa kimezama. Kata futi ya chini kabisa, hadi usawa wa mkono wa mtu mzima ukipenda, uitumie kwa kuni, uanzie juu yake. Hasara ya kipande hicho ni ndogo kuliko bendi ya msumeno.

Mti ukishaanguka, pakeni vichwa vya gogo rangi ya mafuta siku hiyo hiyo, safu mbili nzito. Maji hutoka haraka mno kupitia vichwa kuliko kupitia ubavuni, na ndiyo sababu nyufa huanzia pale. Pasueni ndani ya wiki. Kwa ubao utakaomalizika inchi 1, pasueni inchi 1 na robo.

Halafu rundo, na hapa tunaomba msikilize kuliko pote. Inueni msingi sentimita 45 kutoka ardhini kwa matofali yaliyopimwa kwa pima maji, kwa sababu ubao hukauka kwa umbo la mahali ulipolazwa. Msingi uliopinda hutoa mbao zilizopinda. Kati ya safu na safu wekeni vijiti vya inchi 1 kwa 1, vikavu, vya unene mmoja, kila baada ya futi 2 kwa mbao nene, na futi moja na nusu kwa za inchi 1. Kijiti cha safu ya juu kikae sawia juu ya kijiti cha chini mpaka msingini. Kikihama inchi sita tu, uzito wa juu unaukunja ubao wa chini. Vijiti vibichi huacha madoa yasiyotoka hata kwa randa. Acheni nafasi ya vidole viwili kati ya ubao na ubao. Juu wekeni mawe au zege, kisha bati linalotokeza pande zote. Miezi ya Januari na Februari upepo wa Moshi ni mkavu, basi funikeni vichwa vya rundo kwa magunia. Masika yakianza, ondoeni magunia, hewa ipite.

Ubao unatakiwa ufike wapi? Kwa fanicha ya ndani Moshi na Arusha lengeni asilimia 12 ya unyevu. Ukitengenezea mteja wa Dar es Salaam au Zanzibar, kumbuka hewa ya bahari itaupandisha ubao hadi karibu 15, basi acha nafasi kwenye droo na milango. Meza ya upana wa mita 1, ya mti unaosinyaa asilimia 8 tangu ubichi hadi ukavu kamili, ikiunganishwa kwa mbao zenye unyevu wa 24 na kukaukia sebuleni hadi 12, itapungua sentimita 3 na zaidi. Gundi gani itavumilia hilo?

Kipima unyevu cha umeme ni kizuri, lakini kina mitego. Kinasoma ngozi ya ubao, na mbao za dawa hukidanganya kwa chumvi zake. Pasua kipande, upime katikati. Kama huna kipima, mizani ya jikoni inatosha. Kata futi moja kutoka mwisho wa ubao, uitupe pembeni, kwa kuwa mwisho hukauka mapema na utakudanganya. Kisha kata kipande cha inchi moja. Kipime papo hapo: tuseme gramu 260. Kiweke kwenye oveni ya nyuzi 103, ukipime kila baada ya saa kadhaa mpaka uzito usishuke tena: 232, kisha 224, kisha 224 tena. Toa 224 kwenye 260, unapata 36. Gawanya 36 kwa 224, si kwa 260. Jibu ni asilimia 16. Wanaogawanya kwa uzito wa mwanzo wanapata 14, wanafurahi, wanaanza kuunganisha, na kiungo kinaachia.

Kwenye ua wa nyuma kuna rundo la mgrivelea lililopangwa kwa namna tuliyoieleza, na oveni imeshawashwa. Tutatoa kipande kwenye ubao wa tatu kutoka chini, kwa sababu wa chini ndio unaochelewa. Mwenye msumeno mkali atangulie, na vijana wawili washike mizani na daftari.